Maswali na Majibu: Hatua, Nguzo au Awamu?

Mkakati wetu wa korosho una palizi, kupogolea na kupulizia salfa. Tuandike "wa nguzo tatu" au "wa hatua tatu"? (Katibu wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, Newala)

Hatua. Palizi na kupogolea hutangulia, salfa hufuata mikorosho inapoanza kuchanua. Matawi yakiachwa yasongamane, vumbi la salfa halipenyi na ugonjwa wa ubwiri unga unabaki. Nguzo husimama kwa pamoja, kama mtaji, ubora na soko. Awamu ni kipande cha muda, na ndani yake zaweza kuwamo hatua kadhaa. Ngazi ni shamba, AMCOS, chama kikuu. Anayeandika "mkakati wa pande nyingi" hajasema kitu: ataje idadi, kisha azitaje hizo pande.

Ni "mikakati wa" au "mikakati ya hatua tatu"? (Masasi)

Ya. Swali hili linarudi kila mara, na jibu limo kwenye ngeli: "wa" au "ya" hufuata mkakati, idadi hufuata sehemu zake. Mikakati ya vipengele vitatu, ya maeneo matatu, ya miaka mitatu.

Niunganishe kwa vistari: mkakati-wa-hatua-tatu? (Mwanafunzi, Mtwara)

Hapana. "Wa" imeshaunganisha.

Bosi anasema "mkakati wa wakulima wa hatua tatu" haueleweki. Kosa liko wapi? (Afisa mipango, Lindi)

Bosi yuko sahihi. Mkakati huchukua "wa", wakulima nao huchukua "wa", kwa hiyo msomaji hajui chenye hatua tatu ni kipi. Usikimbilie "wenye", nayo inawafaa wote wawili. Sogeza idadi: "mkakati wa hatua tatu wa wakulima". Au andika "mkakati wa wakulima ulio na hatua tatu". "Ulio" haiwezi kuwa ya wakulima, wao ni "walio". Ukishafikisha "wa" nne mfululizo, vunja sentensi.

Andiko la mradi linataka "mkakati jumuishi, shirikishi, mtambuka na endelevu". Yote manne yabaki? (Nachingwea)

Libaki lile unaloweza kulithibitisha. Shirikishi: wanakijiji waliamua, hawakuitwa kusikiliza tu. Jumuishi: hakuna kundi lililoachwa, hata wasio na mikorosho. Mtambuka: unagusa idara zaidi ya moja, na kila idara ina kazi yake kwenye jedwali. Endelevu: fedha za mfadhili zikiisha, anayelipia salfa anajulikana. Neno lisilo na ushahidi lifute, maana mkaguzi atauliza. Na kabla ya kuwasilisha, hesabu: andiko lenye kichwa cha hatua tano na maelezo ya hatua nne linarudishwa.