Maswali Yenu: Hita ya Jua na Tokeni Zinazoyeyuka

SWALI: Najenga huku Njoro na tutakaa watu watano. Mchoraji wa ramani anasema lazima niweke hita ya jua. Ni kweli? Na ninunue ya ukubwa gani?

JIBU: Hesabu lita kwanza. Kanuni za Kenya za mwaka 2012 za kupasha maji kwa jua zililenga jengo lolote linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku, na makadirio ya nyumba ya kuishi ni lita 30 kwa kila mtu, zikiwa na joto la nyuzi 60. Nyinyi watano mnafika lita 150, kwa hivyo mmeshavuka. Kanuni zilitaka pia jua litoe angalau asilimia 60 ya joto hilo kwa mwaka, na kazi ifanywe na fundi mwenye leseni. Waulize EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, na ofisi ya majengo ya kaunti wanadai hati gani kabla hujapeleka ramani. Kubomoa paa baadaye ni gharama mara mbili.

Kupasha lita 150 kutoka nyuzi 20 hadi 60 hula takriban uniti 7 za stima. Asilimia 60 yake ni uniti 4.2, na paneli bapa ya mita mbili mraba hufikia hapo siku ya jua zuri. Ukiuziwa tangi la lita 300 na paneli ile ile, utapata maji mengi ya vuguvugu.

Tuko karibu na ikweta, kwa hivyo paneli ikitazama kaskazini au kusini hakuna tofauti kubwa. Lakini mvua zetu hupenda kunyesha alasiri, ndiyo maana upande wa mashariki una afadhali kuliko magharibi. Inamisha paneli nyuzi 10 au zaidi ili maji moto yapande yenyewe hadi tangini. Tangi la maji baridi likae juu zaidi ya tangi la hita. Yakilingana, showa itadondosha tu. Maji peke yake yana kilo 150, kwa hivyo imarisha mbao za paa kabla ya mabati kupigwa.

Tumia bomba la PPR, plastiki inayostahimili maji moto, si PVC. Bomba la milimita 25 hubeba karibu moja ya tano ya lita kwa kila mita. Jikoni pakiwa mita 20 kutoka kwa hita, mnamwaga lita 4 za baridi kila mnapofungua mfereji. Jenga bafu na jiko karibu karibu, kisha vika bomba foronya ya sponji. Sehemu iliyo nje izungushie utepe wa alumini, maana jua huila sponji ikabaki unga.

SWALI: Hita ya jua ninayo, hapa Nakuru mjini. Mbona tokeni zinaisha vile vile?

JIBU: Kagua swichi ya elementi, kile chuma cha kupasha maji kwa stima kilicho ndani ya tangi. Ikiachwa imewashwa usiku kucha, asubuhi jua linakuta maji yameshachemka na halina la kufanya. Zima swichi jioni, kisha saa nane mchana wa kesho gusa mabomba mawili ya paneli kwa uangalifu: la juu liwe moto kuliko la chini. Sasa gusa la juu tena saa tano usiku. Likiwa bado moto, maji yanarudi nyuma kwenye paneli na joto linapotea angani. Mara nyingi tangi limefungwa chini mno, na ni lazima liinuliwe.

Hayo yakishakaa sawa, weka taima. Elementi ya wati 2,000 ikiwaka saa kumi hadi saa kumi na moja alfajiri inakula uniti 2 tu, na siku za jua wanaooga jioni hawaihitaji kabisa.

SWALI: Nimepanga Kisumu. Swichi ya showa ya umeme imeyeyuka mara mbili. Shida ni nini?

JIBU: Waya. Showa ya wati 5,000 huvuta ampea 21 hivi, na waya mwembamba wa soketi huchemka. Mwambie mwenye nyumba alete fundi wa umeme mwenye leseni avute laini ya showa pekee: waya wa milimita 6 mraba, breka ya ampea 32, na swichi inayokata waya wa moto na wa nyutro kwa pamoja. Maji ya Kisumu si baridi sana, kwa hivyo kiwango cha chini cha joto kinatosha. Na kama waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, haujaunganishwa, msiiwashe hata mara moja.