Punguzo la asilimia 20 kwenye faida ya asilimia 25
Ukiongeza faida ya asilimia 25 juu ya bei ya kununulia, kisha ukampa mteja punguzo la asilimia 20, je, utabaki na faida ya asilimia 5? La. Punguzo hilo linaimaliza faida yote. Ukinunua blanketi katika soko la Kamukunji, Nairobi, kwa shilingi 800 na kuliuza kwa 1,000, zile shilingi 200 ni asilimia 25 ya bei ya kununulia lakini ni asilimia 20 tu ya bei ya kuuzia, na kwa kuwa punguzo hukatwa kwenye bei ya kuuzia, mteja atalipa 800, yaani pesa ile ile uliyomlipa mwenye duka la jumla, huku malipo ya mkokoteni yakitoka mfukoni mwako. Wahasibu hutumia hesabu zote mbili. Mimi huwasihi wenye vibanda waandike daftarini ile ya bei ya kuuzia, kwa sababu ndiyo inayowaonyesha moja kwa moja kikomo cha punguzo wanaloweza kulistahimili. Iwapo umesajiliwa kutoza VAT (kodi ya ongezeko la thamani), gawanya kwanza kwa 1.16 kila bei iliyojumuisha kodi hiyo ya asilimia 16, ndipo upige hesabu ya faida.