Pindua Kwanza, Kaa Baadaye: Viti vya Miaka ya 1950 na 1960 Vilivyotumika Malindi

Kiti unachotaka kununua usikikalie kwanza. Kipindue. Sura ya kiti huigwa na fundi yeyote mwenye picha kwenye simu, lakini mwigaji huwa hahangaiki na tumbo la kiti. Huko chini ndiko kuliko na nembo, skrubu, mbao isiyopakwa vanishi, na kutu ambayo muuzaji hakukumbuka kuifuta.

Wanaotafuta viti vya kisasa vya katikati ya karne ya 20, yaani takribani 1945 hadi 1970, wengi huja Malindi na ndoto ya kiti cha msaji (mbao ya teak) kutoka Denmark. Hicho ni cha nadra. Bahati ya Malindi ni Mtaliano. Wataliano walirusha setilaiti ya kwanza kutoka jukwaa la San Marco, baharini Ngomeni, Aprili 1967, na tangu miaka hiyo mji umejaa nyumba zao za likizo. Nyumba kama hizo huuzwa pamoja na vyombo vyake. Mnunuzi mpya akitaka vyake, vya zamani huishia stoo, au kwa mlinzi, au kwa dalali. Ndiyo maana kiti kilichobuniwa Milano unaweza kukikuta mtaani Maweni, kimekaliwa na muuza mahamri.

Msimu mzuri wa kutafuta ni Aprili hadi Juni, wakati wa masika, hoteli zinapofunga na kukarabati. Pita kwa mafundi wa sofa na uangalie rundo la fremu nyuma ya karakana, kwa sababu huko hubaki viti ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua. Pita pia kwa wauza vyuma chakavu, hasa kwa viti vya mabomba. Usiulize kwa majina ya wabunifu, maana utajibiwa kwa bei na si kwa kiti. Eleza umbo: kiti cha kukunja cha plastiki inayopenyeza mwanga, kiti cha plastiki cha kipande kimoja chenye miguu kama herufi S, kiti chepesi cha mbao chenye kikalio cha henzirani.

Vifaa vya kubeba ni vichache: tochi ya simu, futi ya chuma, bisibisi, kitambaa cheupe, sumaku (ile ya spika mbovu inatosha) na mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki.

Mizani ni ya kiti kimoja hasa, Superleggera ya mbunifu Mtaliano Gio Ponti, iliyoanza kutengenezwa na kampuni ya Cassina mwaka 1957. Ina uzito wa kilo 1.7 tu. Mbao yake ni ile ya Ulaya ambayo Wataliano huiita frassino, nyeupe-manjano yenye mistari iliyo wazi, ingawa nyingine zilipakwa rangi nyeusi au nyeupe. Shika mguu kwa vidole viwili: hauna umbo la duara, una pembe tatu, na upana wake ni milimita 18. Nguzo za nyuma zimepinda kuelekea nyuma kuanzia katikati. Mizani ikisoma kilo mbili na nusu, na miguu ikiwa ya duara, basi mkononi una ndugu yake kutoka mji wa Chiavari, ambako viti vyepesi vimetengenezwa tangu mwanzoni mwa karne ya 19 na ndiko Ponti alikochukua wazo lake. Hicho nacho ni kiti kizuri. Kinunue, ila usikilipe kwa jina la Ponti.

Tatizo la frassino hapa pwani ni dumuzi. Mbao hii ina wanga mwingi na vinyweleo vikubwa, na wadudu wanaotoboa mbao huipenda sawa na wanavyoipenda henzirani. Tafuta matundu ya milimita moja au mbili kwenye maungio na upande wa chini wa kikalio. Tundu peke yake halikwambii kitu, huenda mdudu alihama miaka ishirini iliyopita. Weka kiti juu ya karatasi nyeusi siku mbili bila kukigusa. Ukikuta unga mpya mweupe, wadudu bado wamo. Na ukiweza kuzungusha mguu kwenye tundu lake kwa mkono, kiache. Mguu mwembamba kiasi hicho ukishaliwa ndani hauna nyama iliyobaki ya kushika gundi.

Kiti cha kukunja ambacho utakiona zaidi ni Plia, kazi ya Giancarlo Piretti kwa kampuni ya Castelli, kilichobuniwa mwaka 1967. Kimeigwa mno, na nakala ni nyingi kuliko halisi. Moyo wake ni bawaba: visahani vitatu vya alumini vilivyopangwa pamoja, na kiti chote kinakunjwa kuzunguka hapo. Kikishakunjwa, unene kwenye bawaba ni kama sentimita 5. Weka sumaku kwenye fremu, itashika, kwa sababu ni bomba la chuma lililopakwa kromu. Iweke kwenye bawaba, isishike. Ikishika, au bawaba ikiwa ni plastiki iliyopakwa rangi ya fedha, hiyo ni nakala. Kisha tafuta jina Castelli lililochorwa kwenye chuma hicho au chini ya kikalio.

Alumini ikigusana na chuma penye hewa ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Unga mweupe kati ya visahani ni dalili yake, na bawaba huwa ngumu. Hapo ndipo watu hukivunja, maana hukilazimisha kufunguka na plastiki hupasuka pale inaposhikwa na fremu. Funika plastiki, dondosha mafuta ya kulainishia kwenye bawaba, acha usiku kucha, kisha chezesha kidogo kidogo. Mafuta, thina na spiriti visiguse plastiki, kwani huiwekea nyufa ndogondogo kama za kioo kilichopigwa na hazitoki tena. Plastiki iliyogeuka manjano kwa jua nayo hairudi, hata uisugue vipi.

Viti vya plastiki vya kipande kimoja vinachanganya wengi. Selene ya Vico Magistretti, iliyotoka kampuni ya Artemide mwaka 1969, si plastiki ya kawaida bali rezini ya poliesta yenye nyuzi za kioo, ndugu wa boti za faibaglasi. Ukiukata mguu wake kwa mawazo, utaona herufi S, na huo mkunjo ndio unaouwezesha mguu mwembamba kubeba mtu. Chini kumeandikwa jina la kampuni, la kiti na la mbunifu kwa herufi zilizotoka pamoja na kalibu, si kibandiko. Kiti cha Joe Colombo kwa kampuni ya Kartell, namba 4867 cha mwaka 1967, kina tundu mgongoni na miguu inayochomoka. Vya mwanzo vilikuwa vya plastiki ngumu iitwayo ABS, vya baadaye ni vya nailoni na polipropilini.

Tofauti hiyo inakuwa na maana siku ya ukarabati. Selene iliyopasuka, na mara nyingi hupasuka mguu wa mbele unapokutana na kikalio, hutengenezeka kabisa, na fundi wa kuipeleka kwake ni wa boti, si wa viti. Anasugua upande wa chini kwa msasa namba 80 hadi nyuzi zionekane, anafuta kwa asetoni, anaweka tabaka mbili au tatu za matandiko ya nyuzi za kioo, kila moja akiipaka rezini. Kwa gramu 100 za rezini kigumishi ni gramu moja hadi mbili. Kwa joto la Malindi moja yatosha. Ukizidisha inashika kabla hujaitandaza, inapata moto na kupasuka. Ukimpa fundi huyohuyo kiti cha Colombo cha ABS akakifuta kwa asetoni, utakuta uso umeyeyuka kama jojo. Kwa hiyo mwambie ni plastiki gani kabla hajafungua kopo.

Sasa mbao. Ukiambiwa ni msaji, usipime uzito, kwa sababu mvule una uzito unaokaribiana nao. Kwangua kidogo chini ya kikalio mahali pasipo na vanishi, upitishe kidole. Msaji una mafuta, unateleza kama umepakwa nta, na unanukia ngozi ya zamani. Nyuzi zake ni nyoofu na pete zake zaonekana. Mvule ni mkavu, nyuzi zimepishana, na wakati mwingine una mawe meupe madogo ya chokaa yanayoua makali ya randa. Rangi nyekundu yenye uchungu ukiionja vumbi lake ni mwarobaini, na hakuna kiwanda cha Denmark kilichotumia huo.

Ukishajua ni msaji, soma viungo. Viwanda vya Denmark viliviunganisha viti kwa ulimi na tundu au chango za mbao, na mara nyingi vikafunga kikalio kwa skrubu kutoka chini, ili kiweze kutolewa na kuwambwa upya. Misumari kwenye maungio, au maungio yaliyojazwa gundi na unga wa mbao, ni kazi ya kuiga. Skrubu yenye kichwa cha msalaba na mistari midogo kati ya mikono yake ni ya aina ya Pozidriv, iliyotoka miaka ya 1960. Ikiwa zote ni hizo kwenye kiti kinachodaiwa kuwa cha 1952, muulize muuzaji vizuri. Ikiwa ni moja tu, basi kiti kilikarabatiwa, si ajabu. Alama za kutafuta ni kibati cha duara cha France & Son, muhuri wa kiwanda cha J.L. Møller chini ya fremu, na nembo ya duara ya Danish Control, ya ukaguzi wa ubora, ambayo ilianza mwaka 1959. Mng'ao mkubwa wa vanishi kwa kawaida si wao. Wao kwenye msaji mara nyingi walitumia mafuta. Vanishi nene hapa kwetu mara nyingi inaficha kitu.

Chini ya mto wa kiti cha mapumziko utakuta mikanda ya mpira iliyobuniwa na Pirelli, yenye vibanio vya chuma vinavyoingia kwenye mifereji. Joto huikausha ikawa kama biskuti. Usikatae kiti kwa sababu hiyo. Vipande vya tyubu ya lori vyenye upana wa sentimita 5, vilivyokatwa vifupi kwa sehemu moja ya kumi ili vivutike wakati wa kufunga, hufanya kazi miaka. Sponji inayomwaga unga wa manjano itupwe yote.

Kwa kromu, usisugue kwa ndimu na chumvi, ile dawa ya masufuria. Asidi na chumvi pamoja huchimba mashimo na kuacha chuma wazi. Karatasi ya foili iliyoloweshwa maji matupu huondoa kutu ya juu. Kromu iliyovimba malengelenge haisuguliwi. Hapo chuma kimeshaoza chini yake.

Kuhusu ununuzi, ukiuziwa na mtunza nyumba, sema wazi lakini kwa adabu: "Mzee wangu, si kwamba nakushuku, lakini nitumie ujumbe wa mwenye nyumba kwanza." Kupokea mali ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kuwa imeibwa ni kosa la jinai. Omba risiti iliyo na idadi ya viti na namba ya kitambulisho cha muuzaji. Na kiti cha mbao nyeusi-zambarau ya Brazil, aina ya Dalbergia nigra, kinabanwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1992. Ukitaka kukisafirisha nje ya nchi bila vibali, utakiacha uwanja wa ndege.

Kiti cha frassino chenye unga mpya usikiingize nyumbani. Kifunge kwa nailoni tabaka mbili, ubane kwa utepe wa gundi, ukiombee nafasi kwenye friza kubwa la samaki kwa nyuzijoto 18 chini ya sifuri, wiki mbili. Ukikitoa usikifungue. Kiache kimefungwa saa 24 kipate joto taratibu, la sivyo unyevu wa hewa utaganda juu ya mbao baridi, na gundi ya maungio itaachia.