Mota ya molekuli huendeshwa "na" mwanga au "kwa" mwanga?

SWALI: Ninahariri makala kuhusu mashine za molekuli, yaani molekuli zinazoundwa maabara ili sehemu zake zisogee kwa mpangilio. Mwandishi ameandika "mota huendeshwa na mwanga", nami nikasahihisha "kwa mwanga". Amekataa katakata. Nani yuko sahihi?

JIBU: Kwa sarufi tupu, nyote wawili. Baada ya kitenzi cha kutendwa, "na" humtaja mtenda na "kwa" hutaja kifaa au njia: mlango hufunguliwa na mlinzi, kwa ufunguo. Nguvu za asili nazo zimo katika kundi la watenda tangu zamani. Mtu hupigwa na radi, mti huangushwa na upepo, wala hatuulizi upepo umetumwa na nani. Mwanga una haki hiyohiyo.

Ila kabla ya kusahihisha, ningeitazama mashine yenyewe. Mwaka 1994 mkemia Fraser Stoddart na wenzake walionyesha molekuli ya pete iliyovikwa kwenye mhimili wenye vituo viwili. Ukitia asidi, pete inahama kituo. Ukitia besi, inarudi. Kila mwendo unamngoja mkemia anyanyue mkono, kwa hiyo andika "pete huhamishwa kwa asidi". Mtenda yupo, hata kama hukumtaja.

Mota ya mkemia Ben Feringa ya 1999 ni habari nyingine. Mwanga wa urujuanimno huipindua molekuli kwenye kifungo maradufu kinachounganisha atomu mbili za kaboni, kisha joto huivusha mbele isirudi ilikotoka. Mwanga tena, joto tena, mzunguko umetimia. Taa ikiwaka na joto likiwa nyuzi 60 za Selsiasi, mota inazunguka mfululizo bila kuguswa na mtu. Hapo niko upande wa mwandishi wako, ingawa amelidhulumu joto. Mwombe aandike "huendeshwa na mwanga ukisaidiana na joto".

Na akifika kwenye mota ya mkemia David Leigh na wenzake ya 2016, inayotumia kemikali kama fueli, aachane na kutendwa kabisa. Injini inakula mafuta; mota hii inakula kemikali yake. Pete yake hutikiswa ovyo na joto la kawaida, huku na huku, na kazi ya fueli ni kufunga njia ya kurudi nyuma. Ukiona ameandika "husukumwa na kemikali", kata bila huruma: sarufi yake ni safi, sayansi yake ndiyo mbovu.