Mkaa wake hauna moshi, sumu inatoka wapi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Niko Njombe, mwezi wa saba baridi ya huku si mchezo, sasa jirani yangu ana mtoto mchanga na kila usiku anaingiza jiko la mkaa chumbani, anafunga mlango na dirisha. Nikimwambia aache ananijibu mkaa umeshakolea hauna moshi hata kidogo, na kweli hauna. Sumu inatoka wapi? Na je, gesi ni salama?
Mama wawili, Njombe

JIBU: Mama wawili, asante kwa kumjali jirani, naomba ukimaliza kusoma umpelekee leo leo.

Moshi wa kuni ni vitu ambavyo havijaungua vikaisha. Kwenye mkaa vingi vilishatoka kule kwenye tanuri, kilichobaki karibu chote ni kaboni, ndo maana hauoni moshi. Ila angalia kinachoendelea ndani ya jiko. Chini kwenye kimlango hewa ipo ya kutosha, kaboni inaungana na oksijeni inakuwa kaboni dayoksaidi, CO2, halafu hiyo gesi inapanda kupitia makaa mekundu, na huko juu oksijeni imeshapungua sana, basi makaa yanainyang'anya CO2 oksijeni yake: CO2 + C inakuwa 2CO. Hiyo CO ndo kaboni monoksaidi, haina rangi haina harufu. Vile vimiali vya bluu juu ya makaa ni CO inaungua, lakini haiungui yote, nyingine inabaki chumbani. Kwa hiyo mkaa uliokolea ndo wa kuogopa kabisa.

Kwenye damu CO inashika hemoglobini, ile inayobeba oksijeni mwilini, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe, hata ikiwa kidogo inajikusanya tu, kichwa kinauma, kichefuchefu, usingizi mzito, na aliyelala hajui kinachomtokea. Mtoto mchanga anapumua haraka kuliko mtu mzima so anawahi kudhurika. Jiko banifu linapunguza mkaa unaotumika, haliondoi CO, naomba mtu asidanganyike hapo!

Jirani achemshe maji nje, ayatie kwenye chupa apashe kitanda, aitoe ndo amlaze mtoto akiwa na sweta na soksi. Mkimkuta mtu amelegea chumba kina jiko, fungueni milango, mtoeni nje haraka, mpelekeni hospitali akapewe oksijeni.

Gesi ya mtungi ni propani na butani, inachanganyika na hewa kabla ya kuungua ndo maana moto ni wa bluu na CO ni kidogo sana. Moto ukiwa wa njano na sufuria zinashika masizi ujue hewa haitoshi, zima, jiko likipoa zibua matundu. CO2 bado inatoka, so dirisha liwe wazi ukipika, na gesi nayo usiitumie kupasha chumba cha kulala.