Kabla ya Kuvaa Tisheti ya Tamasha, Uliza Utarudije Nyumbani

Desemba ikikaribia, wapwa zangu na marafiki zao huanza kunitafuta. Wanataka kujua jinsi ya kupata nafasi ya kujitolea kwenye tamasha kubwa. Nia naijua: tiketi zimepanda, msanii wao anakuja, na wamesikia kwamba mwenye tisheti ya wahudumu anaingia bure. Nami huwauliza: mmewauliza hao waandaaji mtarudije nyumbani?

Wengi hucheka, lakini sitanii. Tamasha la nje hapa Nairobi, liwe Uhuru Gardens au Ngong Racecourse, likiisha saa saba usiku, wewe huondoki saa saba. Kuna redio za kurudisha, bangili za karatasi zilizobaki za kuhesabu, na uzio wa kusimamia hadi mlevi wa mwisho apate kiatu chake. Ukija kuachiliwa ni saa tisa. Saa hiyo matatu za Rongai na zile 111 za Ngong ni za kubahatisha, nauli imepandishwa, na teksi ya kuitwa kwa simu inakutajia bei ya kwenda Naivasha. Mwandaaji anayejua kazi atakwambia kuna basi la kuwapeleka mjini, na kutoka hapo gari moja linaelekea Eastlands na jingine Thika Road. Asiyejua atakwambia, "Tutaona."

Nimewahi kufanya kazi na hao wa tutaona. Kulipambazuka tukiwa langoni, tumejifunika mabango ya wadhamini, mabosi wenyewe wameshalala kwao. Na si usafiri tu. Chakula cha mchana kilifika jioni, wali umeshikana, maji yakaisha, na zamu tuliyoambiwa ni ya saa sita ikaenda mara mbili. Tangu hapo nimeona kwamba mambo haya huandamana. Aliyefikiria utarudije nyumbani huwa amefikiria pia utakula nini na nani atakupokea zamu.

Kwa hiyo usikubali kitu cha mdomo. Omba ujumbe wa WhatsApp wenye saa za zamu, chakula, usafiri, na jina na namba ya msimamizi wako. Wakiona ni usumbufu, umepata jibu lako. Na usitoe hela. Uingereza, wanaojitolea kwenye tamasha la Glastonbury kupitia shirika la misaada la Oxfam huweka amana ya thamani ya tiketi na kurudishiwa wakimaliza zamu zao. Utaratibu huo una shirika linalojulikana nyuma yake. Hapa kwetu ukiambiwa utume mia tano ya "usajili" kwenye namba ya M-Pesa ya mtu binafsi, huyo anakula hela za wengi, na huenda hata tamasha lenyewe halimjui.

Sasa, kituo cha kazi. Kila mtu anataka nyuma ya jukwaa. Utakachokiona huko ni masanduku ya vyombo, nyaya, na mabaunsa wanaokuuliza kitambulisho kila ukienda msalani. Msanii atapita mbele yako sekunde tatu akiangalia simu. Mimi hushauri lango. Ni kazi ngumu, na siku ya kwanza utatukanwa, lakini hapo ndipo tamasha linaonekana lote.

Lango lina saa yake mbaya, na ni ile ambayo jua limezama na msanii mkubwa anakaribia kupanda. Anakuja jamaa amevaa vizuri, mchumba wake pembeni, anakuonyesha tiketi iliyopigwa picha kwenye simu. Mashine inalia nyekundu: imeshatumika. "Dadangu, mimi nililipa!" Na kweli alilipa, ila alimlipa mtu aliyeuza picha hiyo hiyo kwa wengine kadhaa. Nyuma yake watu wameanza kupiga miluzi. Ukianza kubishana naye hapo, umeshapoteza foleni nzima. Mwambie kwa upole, "Kaka, njoo hapa kando tuangalie pamoja," mtoe kwenye mstari, mpeleke kwenye meza ya malalamiko. Huko wataangalia ujumbe wake wa M-Pesa: hela ilikwenda kwa nani, lini, na namba ya muamala ni ipi. Kama ilikwenda kwa wauzaji halali, atasaidiwa. Kama ilikwenda kwa mtu wa Telegram, mpe pole na urudi kazini. Usimpitishe kwa huruma. Wa nyuma yake wanakutazama, na wote wana hadithi.

Jambo la lango ambalo halina mzaha ni msukumano. Novemba 2021, watu 10 walifariki kwenye tamasha la Astroworld huko Houston. Hapa kwetu, Desemba 2023, msichana mwanafunzi aliumia kwenye msukumano wa tamasha katika Uwanja wa Nyayo, akafariki. Wengi hudhani watu hufa kwa kukanyagwa, kumbe mara nyingi hufa wakiwa wamesimama, kifua kimebanwa hakina nafasi ya kupanuka kuvuta hewa. Wataalamu wa umati huanza kuogopa watu wakifika watano au sita kwenye mita moja ya mraba. Hutakuwa na muda wa kuhesabu, kwa hiyo tazama sura na mikono. Ukiona watu wanayumba kwa pamoja bila kutaka, mikono imekwama chini, mtu anainua kidevu kutafuta hewa, shika redio: taja lango lako, sema "msukumano", omba watu wa nyuma wasimamishwe. Kupiga kelele kwa walio mbele hakusaidii kitu. Wao ndio wanaosukumwa. Na usijaribu kuzuia uzio wa chuma kwa mikono yako. Kama kwenye mkutano wa maandalizi hakuna aliyewaonyesha njia za dharura na hema la huduma ya kwanza, inua mkono uulize mbele ya wote, hata kama utaonekana mjuaji.

Mavazi sitayazungumzia sana. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na baridi ya usiku haijali kwamba mchana uliungua. Beba jaketi zito. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi utakuvua raba, kwa hiyo vaa buti. Chaja ya akiba, karanga, dawa zako.

Masikio lakini nayasemea, kwa sababu vijana hawanisikii (na baadhi yao hivi karibuni hawatasikia kweli). NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, inapendekeza mfanyakazi asizidishe saa 8 kwenye kelele ya desibeli 85, na kila zikiongezeka 3 muda huo ukatwe nusu. Ukipiga hesabu, kwenye desibeli 100 unabaki na dakika 15. Karibu na spika za jukwaa kuu hizo 100 hufika bila taabu, nawe unasimama hapo usiku kucha, si wimbo mmoja. Vizibo vya sponji viko kwenye duka la dawa kwa bei ya soda. Nunua jozi mbili, moja utampa mwenzako aliyepuuza.

Halafu barua ya kuthibitisha kwamba ulijitolea. Usingoje Februari ndipo ukumbuke kuomba. Wiki ile ile, msimamizi akiwa bado anaikumbuka sura yako, mwandikie aseme ulifanya kazi gani, kituo kipi, tarehe zipi, kwenye karatasi yenye nembo yao. Mistari mitatu inatosha. Akichelewa, iandike mwenyewe kisha umtumie aweke sahihi. Wengi hupenda hivyo zaidi.