Waya "Namba 4" na Bolti Yenye Rangi: Umeme wa Amplifaya ya Gari

Nilipofunga amplifaya, yaani kifaa cha kukuza sauti, kwenye gari langu kwa mara ya kwanza, nilitumia wiki tatu kuchagua spika na sabufa (spika kubwa ya besi), kisha nikatumia dakika kumi tu kuchagua waya. Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya kawaida, betri iko mbele chini ya boneti na amplifaya iko nyuma kwenye buti, hivyo waya wa chanya ulipaswa kusafiri karibu mita tano na nusu. Karatasi ya maelekezo ilitaka waya wa geji 4. Nilimtuma fundi akanunue "waya namba 4", naye akarudi kutoka Kariakoo na waya mwekundu wa kupendeza, akaniambia, "Bosi, hii ndiyo namba 4 yenyewe." Hakunidanganya hata kidogo. Alikuwa amenunua waya wa milimita za mraba 4, ule ambao mafundi wa majumbani huupeleka kwenye jiko la umeme au hita ya maji.

Geji ni kipimo cha Kimarekani, na tabia yake ni kwamba namba ikipungua, waya unanenepa. Geji 8 ina takriban milimita za mraba 8.4, geji 4 ina 21, na geji 0, ambayo kwenye pakiti huandikwa 1/0, ina 53. Maduka yetu ya vifaa vya umeme huuza kwa milimita za mraba: 2.5, 4, 6, 10, 16, 25, 35. Kwa bahati mbaya geji 8 na milimita 8 zinakaribiana, jambo linalomfanya mtu aliyeanza na amplifaya ndogo aamini kwamba namba hizi mbili ni kitu kimoja. Tofauti kati ya waya niliotakiwa kuuweka na ule niliowekewa ilikuwa zaidi ya mara tano.

Matokeo yake hayakuchelewa. Besi ikipiga, taa za dashibodi zilififia, na sauti ikipandishwa kidogo amplifaya ilijizima, ikakaa kimya kwa sekunde kadhaa, kisha ikarudi. Nilihisi amplifaya ni mbovu, na nusura niirudishe dukani. Siku moja niligusa ule waya chini ya kapeti baada ya safari ndefu, nikakuta una joto kama kikombe cha chai. Hesabu iliyopaswa kufanywa kabla ya yote ni rahisi: zidisha 0.0175 (namba ya ukinzani wa shaba) kwa urefu wa waya kwa mita, kisha kwa ampea zinazopita, halafu gawanya kwa unene wa waya kwa milimita za mraba. Kwa mita 5.5, ampea 50 na waya wa milimita 4, jibu ni volti 1.2 zinazopotea njiani. Kwa waya wa milimita 21 zinapotea volti 0.23 tu. Jambo lililonitisha zaidi ni kwamba fundi alikuwa ameweka fyuzi ya ampea 60, yaani waya ungeweza kuyeyuka ganda lake kabla fyuzi haijakatika.

Utajuaje amplifaya yako inakula ampea ngapi? Usiangalie kibandiko cha juu. Kibandiko cha yangu kilisema wati 2000, ilhali pembeni ilikuwa na fyuzi mbili za ampea 30. Ampea 60 ukizizidisha kwa volti 13.8, ambazo ndizo gari hutoa injini ikiwa inawaka, unapata wati 828 zinazoingia. Na kwa kuwa hata amplifaya nzuri za daraja D, muundo unaopoteza umeme kidogo, hupoteza karibu asilimia 20 kama joto, kinachotoka hakiwezi kuzidi sana wati 660. Amplifaya za daraja AB hupoteza zaidi, mara nyingi karibu nusu. Kwa hiyo jumla ya fyuzi zilizo kwenye amplifaya ndiyo namba ya kuaminika ya kuchagulia waya, nayo huelekea kukulinda, kwa sababu muziki wa kawaida hauvuti kiasi hicho mfululizo.

Baada ya unene kuna suala la madini yenyewe, na hapa ndipo pesa za wengi zinapotea. Waya nyingi zinazouzwa kwenye seti kamili zenye rangi za kung'aa ni alumini iliyopakwa shaba, na pakiti ya mwenye haya huandikwa CCA. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 61 tu ya uwezo wa shaba, hivyo waya wa namna hiyo unahitaji kunenepa zaidi ya mara moja na nusu ili ufanye kazi ileile. Ili kuutambua, kwaruza uzi mmoja kwa wembe: shaba ni nyekundu mpaka ndani, ilhali huu wa pili huonyesha weupe. Uzito nao husema, kwa sababu shaba ni nzito kuliko alumini kwa zaidi ya mara tatu. Sisemi kwamba waya wa CCA haufai kabisa. Ukiongeza unene na kuuweka mahali pakavu utafanya kazi. Hata hivyo, alumini ni laini, hivyo bolti iliyokazwa leo hulegea baada ya muda, na kwa sisi tunaoishi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Zanzibar, hewa ya chumvi hula haraka mahali ambapo alumini na shaba vinakutana.

Mimi niliishia kununua waya wa mashine ya kuchomelea, wa milimita 25, uliofumwa kwa nyuzi nyembamba sana na unaopinda bila shida. Ulinigharimu chini ya waya wa geji 4 wa shaba halisi uliokuwa dukani. Ukiufuata ushauri huu, zingatia mambo mawili: siku hizi hata waya wa kuchomelea huuzwa wa alumini, hivyo wembe usiuache nyumbani, na ganda lake la mpira si lazima listahimili mafuta na joto la injini, kwa hiyo sehemu inayopita chini ya boneti ivishwe bomba la plastiki. Mahali waya unapopenya ukuta wa bati kati ya injini na ndani ya gari pawekwe raba, kwa sababu ukingo wa bati hukata ganda taratibu kwa mtikisiko.

Fyuzi kubwa hukaa karibu na betri, ndani ya sentimita 45. Kazi yake ni kuulinda waya wala si amplifaya, na ndiyo maana fyuzi iliyofungwa kwenye buti haina maana yoyote iwapo waya utagusa bodi katikati ya safari.

Nilipobadilisha waya wa chanya nilitegemea kila kitu kitatulia, lakini hali iliboreka nusu tu. Waya wa hasi, ambao mafundi wetu huuita wa ethi, ulikuwa umefungwa kwa skrubu juu ya bati lenye rangi, na ulikuwa ule ule wa milimita 4. Umeme wote unaoingia kwa waya mnene wa mbele lazima urudi kwenye betri kupitia hapo. Waya wa ethi mwembamba ni sawa na kutokubadilisha chochote. Nilichukua multimita, kifaa cha kupimia volti, nikaunga waya mrefu mwembamba mpaka kwenye hasi ya betri (wembamba hapa hauna neno, kwa kuwa multimita haivuti karibu chochote), kisha ncha ya pili nikaigusisha kwenye hasi ya amplifaya. Nilipiga mlio mmoja wa besi kutoka kwenye simu, kwa sekunde chache tu ili nisiunguze koili ya sabufa. Multimita ilisoma volti 0.8. Volti hizo zilikuwa zikipotea kwenye njia ya kurudi peke yake.

Nilitafuta bati nene la bodi umbali wa nusu mita kutoka kwenye amplifaya, nikaliparua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikatoboa na kufunga bolti yenye nati na washa ya meno, waya ukiwa na kichwa kilichobanwa kwa koleo lake maalumu badala ya kusokotwa kwa mkono. Kabla ya kutoboa nilichungulia chini ya gari, maana tangi la mafuta na mabomba ya breki hupita maeneo hayo. Bolti ya mkanda wa usalama inavutia kwa sababu iko tayari, lakini mara nyingi imepakwa gundi na rangi, na sidhani kama ni busara kuichezea bolti inayoshikilia uhai wa abiria. Baada ya kukaza nilipaka grisi juu ya kiungo chote ili kutu isianze. Multimita ikasoma 0.1.

Mlio mwembamba kwenye spika uliokuwa ukipanda na kushuka kufuata injini nao uliisha siku hiyohiyo, ingawa nilikuwa nimehamisha pia nyaya za RCA, zinazopeleka sauti kutoka redio hadi amplifaya, kwenda upande wa pili wa gari, mbali na waya wa umeme, hivyo siwezi kuipa ethi mpya sifa zote.

Taa bado hucheza kidogo nikiwa kwenye foleni na sauti iko juu. Nimepima, na sasa volti zinashuka kwenye betri yenyewe, si njiani. Altaneta ya gari hili, yaani jenereta ya injini inayochaji betri, imeandikwa ampea 80 na injini ikinguruma polepole haifiki huko, hivyo kabla ya kufikiria altaneta kubwa nitaongeza nyaya tatu fupi za milimita 25: kutoka altaneta hadi chanya ya betri, kutoka hasi ya betri hadi bodi, na kutoka injini hadi bodi.